Kikapu cha Pasaka Kisile Gunia la Mahindi

Mazungumzo na wanakisomo wa Runzewe, Wilaya ya Bukombe, Mkoa wa Geita



Leo tumekuja kuzungumza habari za Pasaka. Hatukuja kuhubiri. Kazi ya kuhubiri ina wenyewe: mapadre, wachungaji na makatekista. Sisi ni watu wa elimu ya watu wazima, na neno letu ni la jikoni na la mfukoni. Kwa hiyo hata wewe ndugu Mwislamu, kaa tu usikilize. Iddi nayo huja na matumizi yake, na kikapu hiki kitakufaa.

Fungueni madaftari. Kalamu iwe mkononi, maana mbele kuna hesabu.

Tuanze na tarehe. Krismasi haihami. Kila mwaka ni tarehe 25 Desemba. Lakini Pasaka inahama, kwa sababu inafuata mwezi wa angani. Kanisa linahesabu hivi: linatazama mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi, au ule wa kwanza baada ya tarehe hiyo. Jumapili inayofuata mwezi huo ndiyo Pasaka. Ndiyo maana mwaka 2024 ni tarehe 31 Machi, mwaka 2025 ni tarehe 20 Aprili, mwaka 2026 ni tarehe 5 Aprili, na mwaka 2027 ni tarehe 28 Machi. Haiji kabla ya tarehe 22 Machi, wala haipiti tarehe 25 Aprili.

Sasa tazameni miezi hiyo, Machi na Aprili. Hapa kwetu hali inakuwaje? Mahindi yako shambani, hayajakauka. Ghalani mwa wengi kumebaki vumbi na panya. Fedha za mavuno yaliyopita zimekwisha: sare za shule, madaftari ya watoto, mbegu, mbolea, vibarua wa palizi. Aliye na kijana machimboni anangoja simu. Lakini dhahabu haina kalenda. Kijana akipata, analeta. Asipopata, anakuja sikukuu mikono mitupu, tena na rafiki zake wawili.

Hapo ndipo sikukuu inapotukuta. Na mwenye fedha zake anajua kwamba ndipo ilipotukuta.

Jambo hili mnalijua, ila hatulisemi mkutanoni. Wiki moja kabla ya Pasaka mtu anakuja nyumbani jioni. Anapewa kigoda, anakaa. Anasifu shamba lako. Halafu anasema, "Ndugu yangu, nasikia una shida ndogo. Shika hizi elfu arobaini, watoto wale sikukuu. Mimi nitachukua gunia moja tu ukivuna." Hakuna karatasi. Hakuna shahidi. Mama yuko jikoni, hakuulizwa. Wenzetu wa Kagera wanalijua jambo hili tangu zamani katika kahawa. Huko huitwa butura. Kahawa inauzwa ingali mtini, haijaiva. Kwetu sisi ni mahindi na mpunga.

Gunia moja tu. Haya, tulipime hilo neno "tu".

Andikeni: gunia moja ni kilo 100. Mwenyewe atakuja na lumbesa, lakini tuache hiyo, tuseme ni mtu mwema, anachukua kilo 100 kamili. Nyumba yenye watu sita tuseme inapika kilo mbili na nusu za unga wa dona kwa siku. Gawanyeni 100 kwa mbili na nusu. Aliyepata aseme.

Ndiyo, ni 40. Siku 40 za ugali. Mwezi mzima na siku kumi juu, watu sita, mchana na usiku. Na hizo siku 40 hazitakuuma Julai, maana Julai chakula kipo. Zitakuuma mwakani, Februari au Machi, wakati debe la mahindi limepanda bei na wewe ndiye mnunuzi.

Na zile elfu arobaini zilikwenda wapi? Kreti la soda. Mikate ya dukani. Biskuti. Kikapu cha plastiki kilichofungwa kwa karatasi inayong'aa, kwa sababu mtoto aliona kwenye simu ya kaka yake. Jumatatu ya Pasaka jioni vyote vimekwisha, imebaki karatasi.

Hatusemi watu wasile sikukuu. Mtu anayelima mwaka mzima ana haki ya kufurahi, na watoto wake vilevile. Tunasema kikapu cha Pasaka kinaweza kutoka hapahapa nyumbani, kikapendeza, na mahindi yakabaki ya mwenyewe. Tutaonyesha namna.

Kwanza tujue kikapu chenyewe kilitoka wapi. Zamani huko Ulaya, wakati wa Kwaresima Wakristo hawakula nyama, na mayai pia walikatazwa. Lakini kuku hawakujua Kwaresima. Waliendelea kutaga. Ikifika Pasaka, kila nyumba ilikuwa na mayai mengi. Watu wakayachemsha, wakayatia rangi, wakagawiana. Huko Polandi mpaka leo, Jumamosi Kuu watu hupeleka kikapu kanisani kibarikiwe. Ndani huweka mayai, mkate, chumvi na soseji. Na watu wa Polandi hawako mbali na habari za nchi yetu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wakimbizi wao kiasi cha 5,000 waliishi Tengeru, karibu na Arusha, kuanzia mwaka 1942. Makaburi yao yapo huko hata sasa.

Basi mnaona. Kikapu cha Pasaka asili yake ni chakula cha nyumbani ndani ya kikapu cha nyumbani. Karatasi inayong'aa imeongezwa na wenye maduka.

Sasa tufanye kazi.

Wale mnaojua kusuka ukindu au milala, sukeni hivyo hivyo, hatuna la kuwafundisha. Tunasema na wale wasiojua. Nyinyi tumieni maganda ya mahindi. Mahindi mabichi tunachemsha wakati huu, maganda tunawatupia ng'ombe. Usitupe yote. Maganda ya nje ni magumu, hayo mpe ng'ombe. Ya ndani ni laini na meupe meupe, hayo yaweke. Yaanike kivulini siku tatu au nne. Usiyaanike kwenye jua kali, yatakatika. Mvua ikija yaingize ndani, maana yakishikwa na ukungu hayafai tena.

Yakikauka, yanyunyizie maji, uyafunge katika kitambaa chenye unyevu kwa nusu saa. Yatalainika. Yachane vipande vyenye upana wa kidole. Shika vipande vitatu, vifunge kichwani, anza kusuka kama unavyosuka nywele za mtoto. Kipande kikikaribia kwisha, chomeka kingine juu yake uendelee. Usingoje kiishe kabisa. Hapo ndipo wengi hukosea, na msuko ukivutwa unaachia. Tena usichomeke vipande viwili mahali pamoja, pataota nundu.

Suka mpaka msuko wako ufike pima tano. Pima moja ni urefu wa mikono yako miwili ukiinyosha. Ni kazi ya jioni tatu au nne, huku mnazungumza.

Halafu chukua sindano ya kushonea magunia na uzi wa katani. Mkonge tunao kwenye mipaka ya mashamba, uzi si wa kununua. Viringisha msuko kama ngata ya kubebea maji, lakini usiache tundu katikati. Kila mzunguko ushone na mwenzake, sindano ikae karibu karibu. Kitako kikifika upana wa sahani, usiuweke tena msuko kando. Upandishe juu ya ukingo. Hapo ukuta wa kikapu umeanza. Mizunguko minane inatosha. Ukivuta uzi sana, mdomo utajikunja ndani. Ukiulegeza, kikapu kitapanuka kiwe ungo. Kila ukimaliza mzunguko, kiweke chini ukitazame kama kimesimama sawa.

Mkono wa kikapu ndio unaobeba uzito. Suka misuko mitatu pamoja iwe mmoja mnene. Usiishone kwenye mdomo tu. Ishushe ndani ya kikapu mpaka kwenye kitako, kila upande, ndipo ushone. Kikapu cha namna hii kinabeba mayai kumi na chakula kingine, na Pasaka ikipita kinabeba vitunguu.

Akina baba, tunawaona mnatazama pembeni. Anayeweza kusuka kihenge cha kuwekea mahindi hashindwi na kikapu cha mtoto wake. Na wazee wasio na nguvu za jembe, hii ni kazi yao nzuri. Vidole vyao vinajua zaidi kuliko vyetu.

Ndani ya kikapu tandika jani la mgomba. Lioshe, lipitishe juu ya moto kidogo lilainike, lisipasuke.

Hapa tuna onyo, na tafadhali mlisikilize, hasa sisi tunaoishi na machimbo. Usitandike kikapu, wala usiweke chakula, katika kiroba kilichobeba mawe ya dhahabu au marudio. Usipike wala usichanganye unga katika karai lililotumika mwaloni. Kikaango kilichochomewa dhahabu yenye zebaki kisirudi jikoni kamwe, hata ukikisugua kwa mchanga na sabuni. Zebaki haina harufu, na mvuke wake huuoni. Inaharibu mishipa ya fahamu, na mtoto aliye tumboni ndiye anayeumia zaidi. Kule Japani, katika mji wa Minamata, kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki. Ugonjwa ukajulikana mwaka 1956, na watoto walizaliwa wakiwa na vilema. Viroba vya mbolea na makopo ya dawa ya pamba ni hivyo hivyo, si vya chakula. Kama huna chombo kingine, azima kwa jirani. Mifuko ya plastiki nayo ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, usihangaike kuitafuta.

Sasa mayai. Kuku wa kienyeji hutaga kisha hulalia. Usikombe kiota chote. Yale ya kuatamia yawekee alama kwa mkaa, uyaache. Ya kikapu yaokote mapya kila siku, yaweke mahali penye ubaridi. Kama una shaka na yai, litumbukize katika maji. Likizama na kulala chini, ni jipya. Likielea, litupe. Na asiye na kuku mwaka huu kwa sababu kideri kilipita, amuulize bwana mifugo habari za chanjo ya matone ya machoni. Hutolewa kila baada ya miezi mitatu, na bei yake haifiki bei ya kuku mmoja.

Rangi ya mayai usinunue. Jumamosi chukua maganda makavu ya vitunguu, viganja viwili au vitatu, uyachemshe robo saa. Maji yatakuwa mekundu ya udongo. Yachuje, yapoe, uyakamulie ndimu. Ukitaka rangi ya njano, tumia manjano ya kupikia. Usitumie wino wala rangi ya ukutani, maana ganda la yai lina vitundu vidogo.

Jumapili alfajiri chemsha mayai dakika kumi, uyapoze. Kisha chukua kipande cha nta ya nyuki, kichonge ncha kama penseli. Andika jina la mtoto juu ya yai kwa nta hiyo. Hutaona kitu. Tumbukiza yai katika ile rangi iliyopoa, likae nusu saa au zaidi. Ukilitoa, yai litakuwa jekundu, na pale penye nta jina litabaki jeupe. Mama aliyeanza kisomo mwaka jana, akashika kalamu kwa shida, mwaka huu anamwandikia mtoto wake jina juu ya yai, na mtoto anasoma. Biskuti ya dukani haina jina la mtu. Mayai hayo yaliwe siku hiyohiyo, yasilale.

Vitu vingine vya kikapuni tutavitaja upesi, maana mnavijua. Karanga za kukaanga, ila zenye ukungu zitupe. Sumukuvu ni kitu kibaya, mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Matobolwa yaliyobaki. Mahindi mabichi ya kuchemsha. Ndizi mbivu. Maembe msimu wake umepita, tusiyatafute. Maandazi machache. Na asali, chupa ndogo. Asali ya Bukombe inapelekwa mijini, watu wanaililia, sisi huku tunawanunulia watoto jemu ya kopo! Angalizo moja: mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja asipewe asali.

Hesabu sasa. Chora mistari katika daftari. Upande wa kushoto andika kitu, katikati kiasi, kulia bei. Bei tutakazotaja ni za mfano. Wewe weka bei za duka lako. Unga wa ngano kilo moja, shilingi 2,000. Sukari nusu kilo, 1,500. Mafuta nusu lita, 2,500. Hamira, 500. Pipi kidogo, maana mtoto ni mtoto, 1,000. Jumlisheni. Ni 7,500.

Mzee mmoja nyuma anasema mayai ni ya bure. Hapana, mzee wetu, si ya bure. Yai moja ungeweza kuliuza, tuseme kwa 400. Mayai kumi ni 4,000. Yaandike. Karanga nazo zina bei yake. Tunayaandika ili tujue sikukuu imekula nini hasa, tusijidanganye. Hata hivyo fedha ya kutoka mfukoni ni ile 7,500 tu. Kwaresima ina zaidi ya wiki sita. Gawanyeni 7,500 kwa sita: ni 1,250 kwa wiki. Ukianza Jumatano ya Majivu kuweka 1,250 kila siku ya gulio, Jumamosi Kuu fedha zipo mkononi, na yule mgeni wa jioni ukimpa kigoda atakunywa maji na kuondoka.

Daftari hilo baba na mama walione wote wawili. Fedha anayoijua mmoja peke yake ndiyo inayokopeshwa gizani.

Mama mmoja ametuuliza swali zito, na tumefurahi kwamba ameuliza mbele ya watu. Amesema, "Mwalimu, majirani wakiona mtoto wangu ana kikapu cha maganda, si watasema tumeishiwa?" Watasema, mama. Hatutakuficha. Wengine watacheka njiani mkitoka kanisani. Lakini wenye kucheka hawatakuja mwezi Februari na debe la mahindi. Jambo linalosaidia ni kufanya wengi pamoja. Nyumba kumi za kitongoji kimoja zikisuka, hakuna wa kumcheka mwenzake, na mtoto atakayetembea bila kikapu ndiye atakayelia. Kwa sababu hiyo tumeamua kusuka hapa darasani, wala si kila mtu kwake.

Na mwenye mkono mzuri akishika kazi hii anaweza kusuka vya ziada akauza gulioni. Hatumwahidi utajiri. Apime mwenyewe: amesuka jioni ngapi, ameuza kwa shilingi ngapi.

Yule ambaye tayari ameshika fedha ya mtu mwaka huu, asikae kimya. Aandike leo katika daftari: jina la mkopeshaji, tarehe, kiasi alichopokea, na idadi ya kilo walizopatana. Andika kilo, usiandike "gunia". Kisha amsomee mkopeshaji maandishi hayo mbele ya shahidi, wote waweke sahihi. Kama anajua kuandika, kwa nini gunia lake lipimwe kwa macho ya mwingine? Anayetaka tumsaidie kuandika, atubakie tukimaliza.

Kipindi kijacho tunakutana hapahapa, jioni baada ya kazi za shamba. Kila mmoja aje na maganda makavu ya kujaza ungo, na uzi wa katani. Sindano za magunia tunazo nne, tutapokezana. Asiye na mahindi shambani aombe maganda kwa jirani yake, ila amwambie mapema, kabla ng'ombe hawajapewa.